Watu wa Barazani: Wastoiko Walisema Nini Hasa?

Aliyewahi kusoma Matendo ya Mitume kwa Kiswahili ameshakutana na Wastoiko, hata kama alipita bila kuwaamkia. Wamo katika sura ya 17. Paulo yuko Athens akizungumza sokoni na kila anayetokea, na katika waliojitokeza kubishana naye wapo wanafalsafa, Waepikureo na Wastoiko. Wanatajwa mstari mmoja, kisha habari inasonga mbele. Ila mistari kumi baadaye, Paulo anapojieleza, anachomoa maneno ya mtunga mashairi wao mmoja, kwamba sisi sote ni wazao wa Mungu. Mshairi huyo ni Aratus, aliyeishi karne tatu kabla yake na kukaa karibu na Wastoiko wa mwanzo, na mungu aliyemsifu katika utenzi wake ni Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Alitoka Soli, mji wa Kilikia, nchi ileile ya Paulo wa Tarso. Kwa hiyo mgeni aliwaimbia wenyeji wimbo wao, uliotungwa na mtu wa kwao yeye.

Jina la Wastoiko sasa limerudi kwa mlango wa simu. Video fupi, sanamu ya marumaru yenye ndevu, sauti nzito, muziki wa huzuni: usilie, usimtegemee mtu, usionyeshe unachohisi. Vijana wengi wanaamini huo ndio Ustoiko. Ukiuweka katika Kiswahili cha mtaani unapata maneno mawili tu: jikaze kisabuni. Wazee wale wangeshangaa. Walikuwa na nadharia ya kinachotokea ndani ya mtu anapokasirika, anapoogopa au anapofiwa, na nadharia hiyo haikuhusu kuficha machozi. Tena ilikuwa sehemu ya mafundisho mapana yaliyoanzia kwenye mantiki na kufika hadi kwenye nyota. Anayekata kipande kimoja na kuondoka nacho ana ruhusa, lakini ni vizuri ajue ameacha nini nyuma.

Watu wa kuja

Wa kwanza alikuwa Zeno, mzaliwa wa Kition katika kisiwa cha Cyprus, mji uliokuwa na Wafoinike wengi. Alizaliwa yapata 334 KK. Masimulizi ya kale yanasema alikuwa akisafirisha rangi ya zambarau, bidhaa ya thamani kubwa iliyotolewa kwenye konokono wa baharini, chombo kikavunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Akapanda mjini mikono mitupu, akaketi kwenye duka la muuza vitabu, ambaye alikuwa akisoma kwa sauti kumbukumbu za mwandishi Xenophon kuhusu mwanafalsafa Sokrates. Zeno akauliza: watu wa namna hii wanapatikana wapi? Wakati huohuo Crates, mwanafalsafa fukara kutoka Thebes, akawa anapita. Muuza vitabu akamnyooshea kidole: mfuate yule.

Hadithi tamu kiasi hiki haikosi kutiwa chumvi. Lakini lililofuata lina ushahidi wake. Yapata 300 KK Zeno akaanza kufundisha mwenyewe, na kwa kuwa mgeni hakuruhusiwa kumiliki ardhi Athens, hakuwa na shule yenye kiwanja kama Plato wala bustani kama Epicurus. Alifundishia Stoa Poikile, ukumbi wazi ulioezekwa kando ya soko kuu, nguzo upande mmoja, ukuta wenye picha za vita upande wa pili. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuchorewa: hiyo ni baraza. Watu hukaa, hupisha jua, hubishana, na mpita njia hudakia mazungumzo. Wastoiko maana yake ni watu wa barazani, na Waarabu walipokuja kuwaandika waliwaita vivyo hivyo, ahl ar-riwaq, watu wa ukumbini. Mabaki ya ukumbi huo yalianza kufukuliwa 1981, ng'ambo ya reli inayopita kando ya soko la kale.

Waliomrithi Zeno nao walikuwa watu wa kuja. Cleanthes, kutoka Assos, alikuwa mpiga ngumi, na usiku alichota maji ya kumwagilia bustani za watu ili mchana apate kusoma. Baada yake akaja Chrysippus, aliyekufa yapata 206 KK, mtu wa Soli, mji uleule wa Aratus. Huyu ndiye aliyeyapanga mafundisho yote yakasimama. Inasemwa aliandika maandiko zaidi ya 700. Hakuna hata moja lililotufikia zima. Tunamjua kwa vipande vilivyonukuliwa na wengine, mara nyingi mahasimu wake, na vitabu vizima tulivyo navyo leo ni vya enzi ya Roma, zaidi ya karne mbili baada yake. Anayesema "Wastoiko walisema" anazungumza juu ya nyumba ambayo paa lipo na msingi umezikwa.

Ua, miti, matunda

Wenyewe waliifananisha falsafa na shamba. Mantiki ni ua, elimu ya maumbile ni udongo na miti, maadili ni matunda. Siku hizi tunauziwa matunda tu, tena yaliyokwisha menywa.

Tuanze na ua. Aristotle alikuwa amechunguza hoja zinazohusu makundi: watu wote hufa, Sokrates ni mtu, basi Sokrates atakufa. Chrysippus akageukia viungo vinavyounga kauli nzima: ikiwa, au, na, si. Ikiwa ni mchana, kuna mwanga, ni mchana, basi kuna mwanga. Akataja mitindo mitano ya hoja ambayo haihitaji kuthibitishwa, na nyingine zote akazijenga juu yake. Mfano wake maarufu ni mbwa. Mbwa anafuata harufu ya windo, anafika penye njia tatu. Ananusa ya kwanza, hakuna. Ananusa ya pili, hakuna. Anaichukua ya tatu mbio, bila kunusa. Ni kama amesema: limepita huku, au huku, au kule, si huku wala si huku, basi kule. Kwa karne nyingi wasomi waliyaona haya kuwa mchezo, wakabaki na Aristotle. Katika karne ya 20 Jan Łukasiewicz wa Poland ndiye aliyeonyesha kwamba ile ilikuwa mantiki ya kauli, ambayo wanahisabati walikuwa wameigundua upya na ambayo kila programu ya kompyuta inaitumia.

Kisha miti. Kwao ulimwengu ni mwili mmoja ulio hai, umepenywa kila mahali na akili wanayoiita logosi, ambayo ni Mungu, ni moto, ni pumzi, ni sababu, vyote kwa mpigo. Hakuna linalotokea bila chanzo, kwa hiyo kila kitu kimefungamana tangu mwanzo. Hapa wapinzani wakawabana kwa swali ambalo sisi tuliokulia kwenye mabishano ya kadari tunalijua vizuri: kama kupona kwangu kumeshaandikwa, nimwite daktari wa nini? Nitapona nimwite nisimwite. Waliiita hoja ya mvivu. Chrysippus alijibu kwamba kama kupona kumeandikwa, basi na kumwita daktari kumeandikwa pamoja nako. Mambo huja na wenzake. Akaongeza mfano wa pipa kwenye mteremko. Aliyelisukuma ndiye aliyelianzisha, lakini linaviringika kwa sababu ya umbo lake lenyewe. Ungesukuma tofali, lingekwama. Matukio hutusukuma sote. Namna tunavyokwenda baada ya kusukumwa ni sisi.

Jibu hilo halikumaliza ubishi, na sidhani kama kuna jibu litakaloumaliza. Lakini bila mfano wa pipa huwezi kuelewa matunda. Jema moja tu, walisema, ni wema wa nafsi, yaani akili iliyonyooka: hekima, haki, ujasiri, kiasi. Ovu moja tu ni kinyume chake. Afya, mali, sifa, hata uhai, si jema wala si ovu, kwa kuwa vinaweza kutumiwa vibaya na vinaweza kuchukuliwa na mtu mwingine au na homa ya siku mbili. Hata hivyo waliona vitu hivyo havilingani: afya ni ya kupendelewa, ugonjwa ni wa kuepukwa, na mwenye akili ataifuata afya bila kuiuzia utu wake. Epictetus, Mstoiko wa enzi ya Roma aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa mfano wa mchezo wa mpira. Hakuna mchezaji anayeuona mpira kuwa jambo zuri au baya lenyewe, na bado kila mmoja anaukimbilia kwa nguvu zote. Ustadi uko kwenye kuudaka na kuurusha.

Hodi mlangoni

Plato alikuwa ameichora nafsi kama gari la farasi wawili na mwendeshaji: akili juu, hasira na tamaa chini, zinavutana. Picha hiyo bado tunaitumia tunaposema fulani ameshindwa kuzitawala hasira zake. Wastoiko waliikataa. Hakuna farasi, walisema. Ni mwendeshaji peke yake, na akikimbilia shimoni ni yeye aliyekosea njia.

Walieleza hivi. Kila kinachotupata huanza kama taswira inayofika akilini. Tuseme inabisha hodi. "Nimetukanwa, na hili ni baya kwangu." Mwenye nyumba anaweza kusema karibu, anaweza kukataa, anaweza kumwambia mgeni angoje kwanza aangaliwe ni nani. Hasira huzaliwa pale aliposema karibu. Ukiipasua hasira ndani yake unakuta kauli mbili: kwamba nimedhulumiwa, na kwamba inafaa nilipize. Kauli ni kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo. Ndiyo maana mantiki ilikuwa ua wa shamba: anayejua kupima kauli anajua kupima hasira. Sentensi ya Epictetus inayozunguka mitandaoni, kwamba watu husumbuliwa si na mambo bali na hukumu zao juu ya mambo, inatoka hapa, na bila maelezo haya inasikika kama kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa uko kichwani mwake.

Je, mwenye hekima hashtuki? Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia safari yake ya baharini kutoka Cassiope, kisiwani Corfu, kwenda Brundisium, Italia. Usiku dhoruba ikawapiga, maji yakaingia, abiria wakapiga kelele. Chomboni alikuwemo mwalimu wa Kistoiko mwenye jina kubwa Athens. Gellius akamtafuta kwa macho katikati ya ghasia ile aone anafanyaje. Akamwona amesawijika kama wengine, ila kimya. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja kutoka Asia, mwenye watumishi na makeke, akamfuata: imekuwaje, mwanafalsafa, wewe umeogopa na uso ukabadilika, mimi wala? Mwalimu akamjibu kwa jibu lililowahi kutolewa na Aristippus, mwanafunzi wa Sokrates, katika hali kama ile: wewe hukuwa na haja ya kuhangaikia roho ya mpuuzi, mimi nilikuwa na haja ya kuihangaikia ya Aristippus.

Hilo lilikuwa jibu la kumnyamazisha mtu. Gellius alipomwendea baadaye kwa adabu, mwalimu akatoa mfukoni kitabu cha tano cha mazungumzo ya Epictetus. Kilisema kwamba radi ikipiga au nyumba ikiporomoka, hata nafsi ya mwenye hekima hutikisika, naye hukunja uso na kubadilika rangi, kwa sababu mwili huwahi kabla ya akili. Tofauti iko hatua inayofuata. Mjinga huiridhia ile taswira ya kwanza na kuamini kweli jambo hili ni ovu. Mwenye hekima haridhii. Kitabu hicho cha tano kimepotea, na tunachokijua kutoka humo ni kwa sababu abiria mmoja alikuwa na tabia ya kupekua.

Seneca, Mstoiko wa Roma, naye aliandika hivyohivyo katika kitabu chake juu ya hasira: kutetemeka, kulengwa na machozi, moyo kwenda mbio, hayo hayazuiliki na hayana lawama. Tena walitaja hisia njema tatu ambazo mwenye hekima anazo kwa ukamilifu: furaha, tahadhari, na kutaka kwa busara, ambako ndani yake mna kuwatakia wengine mema. Mtu wa jiwe hayumo kwenye orodha yao.

Sisemi mafundisho haya hayana ukali. Epictetus anashauri kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe unambusu mwenye kufa. Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanikwama kooni. Linaeleweka zaidi ukikumbuka lilisemwa kwa watu ambao kuzika watoto wadogo lilikuwa jambo la kila nyumba, na kwamba Marcus Aurelius, kaisari wa Roma aliyelinakili katika daftari lake, alipata watoto zaidi ya kumi na wengi wao akawazika.

Baba mdogo wa Hierocles

Kuna kipande ambacho video za simu zimekiacha kabisa, na ndicho Mswahili angekielewa upesi kuliko vingine. Katika karne ya 2 Mstoiko aitwaye Hierocles alisema kila mtu amesimama katikati ya duara nyingi. Ya ndani kabisa ni nafsi na mwili wake. Inayofuata ina wazazi, ndugu, mke na watoto. Halafu wajomba, shangazi, babu na bibi; halafu jamaa wa mbali; kisha watu wa mtaa wake, wa mji wake, wa miji jirani, wa taifa, hadi ile ya nje inayobeba wanadamu wote. Kazi ya mwenye akili ni kuzivuta duara ziingie ndani, kuwatendea wa duara ya tatu kama wa duara ya pili, na kuendelea.

Akatoa na njia ya kuanza: majina. Waite watoto wa ami zako ndugu. Waite wajomba na shangazi zako baba na mama. Kwa Mgiriki hilo lilikuwa zoezi la kujilazimisha. Kwetu mdogo wake baba ni baba mdogo tangu mtoto anaanza kusema, na dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Nusu ya zoezi la Hierocles imo ndani ya lugha, ingawa yeye angetaka hata mjomba naye apande cheo awe baba. Nusu iliyobaki, ya kumvuta mtu wa mji wa mbali, ni ngumu kwetu kama ilivyokuwa kwao.

Jambo hili lilikuwa na mzizi kwenye ile miti. Kama akili moja imepenya ulimwengu wote, basi kila mwenye akili ni jamaa, na mji wa kweli ni ulimwengu. Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, alitoa hoja kwamba wanawake nao wasome falsafa, kwa kuwa wamepewa akili ileile. Ukimsikia mtu anautumia Ustoiko kuhalalisha kutomjali yeyote, ujue ameukamata mkia akadhani ni kichwa.

Mtumwa, tajiri, kaisari

Falsafa hii iliingia Roma kwa kishindo kidogo mwaka 155 KK. Athens ilikuwa imetozwa faini ya talanta 500 kwa kuupora mji wa Oropus, ikatuma wanafalsafa watatu wakaombe ipunguzwe. Mmoja wao alikuwa Diogenes wa Babeli, mkuu wa Wastoiko. Vijana wa Kirumi waliacha shughuli zao wakaenda kuwasikiliza, hadi Cato Mkubwa, mwanasiasa wa Roma, akataka kesi imalizwe haraka wageni warudi kwao. Walirudi. Mafundisho yalibaki.

Katika Warumi watatu ambao vitabu vyao tunavyo, mmoja alikuwa tajiri wa kupindukia, mmoja mtumwa, mmoja kaisari. Seneca alimfundisha Kaisari Nero, akajilimbikizia mali iliyosemwa kufika sesterti (fedha ya Roma) milioni 300, akaandika kwa ufasaha juu ya kuridhika na kidogo, na mwaka 65 BK akalazimishwa na mwanafunzi wake huyohuyo ajiue. Unafiki? Kwa kiasi fulani, naye aliulizwa hivyo angali hai. Akajibu kwamba anazungumza juu ya wema, si juu yake mwenyewe. Katika barua ya 47 kati ya 124 alizomwandikia Lucilius anabishana na wanaosema "ni watumwa": la, ni watu, tunakaa nao nyumba moja. Anawasihi mabwana wale nao meza moja. Hawasihi wawaache huru.

Epictetus alijua upande wa pili. Alizaliwa yapata mwaka 50 BK Hierapolis, katika Uturuki ya leo, akawa mtumwa wa Epaphroditus, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Nero. Hata jina lake lina maana ya "aliyenunuliwa". Alikuwa kiwete. Celsus, anayenukuliwa na mwandishi wa Kikristo Origen, anasimulia kwamba bwana wake alimpinda mguu, naye akasema kwa utulivu "utauvunja", na ulipovunjika akasema "sikukuambia?" Maandishi mengine ya kale yanasema ni ugonjwa tu. Mimi naielekea hiyo ya pili, kwa sababu ya kwanza inafanana mno na kitu ambacho bwana wa mtumwa angependa kiaminiwe.

Hapa ndipo penye kidonda cha falsafa hii. Kijitabu cha mafundisho ya Epictetus kinaanza kwa kugawa: viko vilivyo mikononi mwetu, yaani maoni, msukumo, kutaka na kukataa, na viko visivyo mikononi mwetu, yaani mwili, mali, heshima, vyeo. Funga mguu wangu, alisema mahali pengine, lakini hiari yangu hata Zeus haiwezi. Kwa aliyefungwa kweli, maneno hayo ni maji ya kunywa. James Stockdale, rubani wa Kimarekani aliyeangushwa Vietnam Kaskazini mwaka 1965 na kufungwa zaidi ya miaka saba, mguu wake ukiwa umevunjika, alieleza baadaye kwamba Epictetus ndiye aliyemvusha. Lakini maneno yaleyale mdomoni mwa anayefunga ni kitu kingine kabisa. Sisi wa pwani, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu, tuna sababu ya kuuliza: mafundisho yanayomfaa mtumwa na kaisari sawasawa, nani alitarajiwa abadilike? Wastoiko walisema mtumwa wa kweli ni mtumwa wa tamaa. Ni kauli nzuri, nayo haikumfungua mtu minyororo.

Kaisari mwenyewe, Marcus Aurelius, alitawala kuanzia 161 hadi 180, miaka ya tauni na vita kwenye mto Danube. Daftari lake aliliandika kwa Kigiriki, hakukusudia lisomwe. Humo anajibembeleza aamke asubuhi: hivi niliumbwa ili nilale chini ya blanketi nipate joto? Kitabu cha kwanza chote ni shukrani, na mmojawapo wa anaowashukuru ni Junius Rusticus, aliyemwazima nakala yake ya Epictetus. Rusticus huyohuyo, akiwa mkuu wa mji wa Roma yapata 165, ndiye aliyemhukumu kifo Justin, Mkristo aliyekuwa amevaa joho la mwanafalsafa na ambaye mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mstoiko. Walisimama ana kwa ana mahakamani, wote wawili wametoka baraza moja.

Njia ilizopita

Kutoka hapo Ustoiko uliacha kuwa shule ukawa chumvi kwenye vyungu vya wengine. Watawa wa Kikristo walikitumia kijitabu cha Epictetus kama mwongozo wao, na katika nakala moja jina la Sokrates limeondolewa likawekwa la Paulo. Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma ambaye hakuwa Mstoiko ila aliwasoma sana, aliandika kwamba sheria ya kweli ni akili iliyonyooka inayoafikiana na maumbile, haiwi moja Roma na nyingine Athens. Wazo hilo likazama katika sheria za Kirumi. Mkusanyo wa Kaisari Justinian wa mwaka 533 umehifadhi maneno ya mwanasheria Florentinus kwamba utumwa ni kuwa chini ya miliki ya mwingine kinyume cha maumbile. Kinyume cha maumbile, wameandika, kisha kurasa zinazofuata zinaeleza namna ya kumuuza. Zaidi ya miaka elfu ikapita kabla watu hawajaanza kuichukua sentensi ile kwa uzito wake.

Njia nyingine ilipita Baghdad. Huko ndiko Kigiriki kilikovuka kuingia Kiarabu, na mizigo midogo ya safari hiyo tunayo vinywani: falsafa na kanuni ni maneno ya Kigiriki yaliyofika pwani yakiwa yamevaa kanzu. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala ya kuondoa huzuni, na humo umo mfano ambao Epictetus aliutoa kwa ufupi. Abiria wanashuka nchi kavu kutafuta mahitaji. Wengine wanarudi mapema na kupata nafasi nzuri. Wengine wanaokota maua, makombe na mawe ya rangi, wanarudi wamelemewa, wanabanana, maua yananyauka, mizigo inanuka, wanaitupa baharini. Wengine hawaisikii sauti ya nahodha kabisa.

Na njia ya karibuni ilipita hospitalini. Katika miaka ya 1950 Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York, alichoshwa na kuwasikiliza wagonjwa wakisimulia utoto wao kwa miaka. Akaanza kuwauliza kauli zilizojificha ndani ya hofu na huzuni zao, na kuzipima nao moja moja, huku akimtaja Epictetus waziwazi. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, akajenga tiba inayofanana nayo, naye akataja mizizi hiyohiyo. Tiba hiyo ya fikra na mwenendo sasa ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani kwa sonona na wasiwasi. Imeuacha moto wa ulimwengu, imeiacha kadari, haidai kwamba wema ndio jema pekee. Imechukua ile hodi ya mlangoni, na hiyo peke yake imewafaa watu wengi.

Epictetus alikuwa na taa ya chuma aliyoiweka mbele ya miungu ya nyumbani kwake. Usiku mmoja akasikia kishindo, akatoka mbio, akakuta imeibwa. Mwizi, aliwaambia wanafunzi wake, alinishinda kwa kukesha tu. Lakini angalia bei aliyoinunulia, kwa ajili ya taa amekubali kuwa mwizi. Siku ya pili akanunua ya udongo. Alipokufa, anasimulia mwandishi Lucian, mtu mmoja aliinunua ile ya udongo kwa drakma 3,000, akitumaini kwamba akiisomea usiku, hekima ya mzee itamjia usingizini.